Kabla duka la kontena halijapanda lori

Mfanyabiashara anapotaka kuhamisha duka lake la kontena kutoka Kigali hadi karibu na mpaka, humtafuta mwenye lori, humwonyesha kontena, kisha wawili hao huvutana juu ya bei. Wakishakubaliana, kreni huitwa, kamba hufungwa na safari huanza. Breki za lori zilikaguliwa lini, kontena litashikiliwa na nini, dereva atashuka mlima kwa gia ipi: hayo yote huachiwa dereva na Mungu.

Gazeti hili linaona kwamba hapo ndipo safari inapoharibika, kabla hata injini haijawashwa. Mwenye mzigo ndiye anayelipa, na anayelipa ana sauti. Akitafuta bei ya chini peke yake, ananunua pamoja nayo haraka ya dereva, tairi zilizokwisha na kamba isiyofaa. Na mara nyingi atakayelipia kosa hilo ni mfanyabiashara mwenzake, aliyepanga nyanya na ndizi zake chini ya mteremko.

Tunaandika haya tukiwa Remera, mtaa unaojua magari. Kutoka hapa mabasi ya mashariki huondoka kwenda Rwamagana, Kayonza, Ngoma na Nyagatare, na wenye magari wamekuja hapa kwa miaka mingi kupimwa breki, taa na moshi katika kituo cha ukaguzi cha polisi. Ukipita Giporoso na uwanja wa ndege wa Kanombe, uko kwenye barabara inayokwenda Rusumo, lango la Tanzania. Ni barabara nzuri yenye lami, lakini ni barabara ya Rwanda: inapanda, inashuka, inapinda, kisha inaanza upya.

Nyumba inayohama

Marekani watu huhamisha nyumba nzima zilizojengwa kukaa juu ya magurudumu, wakazivuta kutoka jimbo hadi jimbo. Kwetu nyumba inayohama ni kontena. Lilitoka baharini likiwa limebeba mitumba, vigae au vipuri, likafika bandari kavu, likachakaa, likauzwa. Fundi akalikata mlango wa pembeni na dirisha, akachomelea nondo, akapiga rangi. Mchana ni duka, usiku ni stoo, na kwa wengi nyuma ya pazia kuna godoro pia. Mama mwenye duka la namna hiyo hana hati ya kiwanja wala ukuta wa matofali. Kontena ndilo mtaji wake, na kwa kuwa linahamishika, ndilo bima yake pia.

Thamani ya kuhamishika wafanyabiashara wa Gatuna wanaijua kuliko mtu yeyote. Mpaka ule ulipofungwa kwa malori mwezi Februari 2019, biashara iliyokuwa imeuzunguka ilikauka. Ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka 3 baadaye. Katika muda kama huo, mwenye duka lililojengwa kwa saruji hubaki akiliangalia. Mwenye kontena ana njia nyingine: analipakia na kwenda mahali penye wateja. Ndiyo maana hatuwezi kumwambia mfanyabiashara asihame. Tunachoweza kumwambia ni namna ya kufika.

Londiani ni somo la wote

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho nchini Kenya, kwenye barabara kuu inayotoka Nakuru. Liligonga magari na pikipiki, likaingia katika watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Kuna waliokuwa wakisubiri matatu, na kuna waliokuwa kazini, kazi ileile wanayoifanya wasomaji wetu kila siku.

Si mbali na hapo, kwenye barabara hiyohiyo, kuna Salgaa na Sachangwan, majina ambayo madereva wa masafa marefu huyataja kwa sauti ya chini. Kwa miaka mingi sehemu ile ilikula watu kwa sababu moja iliyojulikana na wote: madereva walikuwa wakiweka gia huru kwenye mteremko ili waokoe mafuta. Lori lililoachiwa hivyo linashikwa na breki za magurudumu peke yake, na breki hizo zikishika moto hakuna kinachobaki.

Tunaitaja Kenya kwa sababu kumbukumbu yake ni ya karibu, lakini milima ni yetu sote. Tanzania kuna Kitonga, kule Iringa. Rwanda, barabara ya Kigali hadi Rubavu huanza kupanda Shyorongi kabla hujalisahau jiji, na ile ya Rusizi hupita msitu wa Nyungwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye ukungu na kona ndefu zisizo na nyumba hata moja ya kuombea msaada. Barabara ya Gatuna ni kona juu ya kona. Ile ya Rusumo hujifanya nyepesi hadi mwishoni, inapoteremka kwenda mto Akagera. Daraja jipya la njia mbili na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyozinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na Rais Paul Kagame na Rais John Magufuli, vimeondoa foleni ya daraja la zamani la njia moja. Mteremko wa kufikia daraja haukuondolewa, kwa sababu mto uko bondeni.

Breki ni joto

Wengi hudhani breki hufeli kwa sababu ya bahati mbaya au dereva mlevi. Yapo hayo. Lakini lori zima lenye dereva mzima linaweza kufeli breki kwa sababu ya hesabu tu.

Chukua lori lenye uzito wa tani 15 pamoja na mzigo wake. Likishuka mlima wenye kimo cha mita 200 kwa mwendo usiobadilika, nguvu yote iliyotumika kulipandisha inarudi, na lazima iende mahali. Kama injini na upepo havikuchukua sehemu yao, yote hugeuka joto ndani ya ngoma za breki. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji yaliyokuwa baridi. Ngoma ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vyake, na mguu wa dereva huingia chini bila kupata cha kushika. Ndipo utingo huanza kusikia harufu ya kuungua.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: gia. Gari lishuke mlima kwa gia ileile ambayo lingehitaji kuupanda, au ndogo zaidi, na gia hiyo iingizwe juu, kabla mteremko haujaanza. Anayesubiri mpaka lori limeshachukua kasi ndipo atafute gia ndogo, huenda asiipate kabisa na akabaki kwenye gia huru. Injini ndiyo ishike uzito; breki za mguu zitumike kwa vipindi kupunguza mwendo, kisha ziachiwe zipoe. Lori lenye breki ya injini litumie hiyo. Katikati ya mteremko mrefu, pakiwepo nafasi salama, dereva asimame, aweke kabari kwenye magurudumu na kusubiri. Asimwagie maji ngoma iliyoshika moto, maana chuma chenye joto kikipata maji ghafla hupasuka.

Rwanda iliagiza mwaka 2015 magari ya abiria na malori yafungwe kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa. Ni sheria nzuri na imeokoa watu. Lakini msomaji ajue mpaka wa kifaa hicho: kinazuia injini isisukume gari kupita mwendo huo. Mlima unaposukuma, kidhibiti hakina mkono wa kulishika gari. Kwenye mteremko mkali wenye kona, kilomita 60 zenyewe ni nyingi mno kwa lori lenye kontena mgongoni.

Sanduku lisilo sanduku tena

Sasa tulitazame kontena lenyewe. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na kidogo, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Likiwa tupu lina uzito wa zaidi kidogo ya tani 2. La futi 40 linakaribia tani 4. Kiwandani liliundwa libebe uzito wake kwenye nguzo 4 za pembeni na fremu ya chini, huku kuta zake za mabati yaliyokunjwa zikisaidia lisipinde. Lilipokuwa mali ya kampuni ya meli lilikuwa na kibao cha chuma mlangoni, kinachotajwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa mwaka 1972, kikieleza uzito linaoweza kubeba.

Siku fundi alipolikata dirisha na mlango wa pembeni, kibao hicho kilikoma kusema kweli. Ukuta uliokatwa hausaidii tena. Miaka 10 ya mvua imekula sakafu kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na imekula pembe zake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye duka ni kuingia chini ya kontena na tochi, au kumtuma fundi anayemwamini, agonge kwa nyundo fremu ya chini na pembe zote 4. Pakitoboka, pachomelewe kwanza. Matundu ya milango na madirisha yafungwe kwa vyuma vya mshazari vya muda, ili sanduku lisipinde linaponyanyuliwa.

Kazi ya pili ni kulitoa kila kitu. Tunajua jaribu lililopo: kwa nini ulipe gari la pili la bidhaa wakati kontena lina nafasi? Sababu ni kwamba mifuko ya sukari na friji haikai mahali pake kwenye kona. Huteleza upande mmoja, na kontena lililokaa juu ya sakafu ya lori yenye kimo cha mita 1.5 tayari lina kichwa juu ya mita 4 kutoka ardhini. Uzito ukihamia upande wa nje wa kona, lori hufuata. Mitungi ya gesi na mafuta ya taa visibaki ndani kwa hali yoyote. Wala mtu asilale ndani kulinda mali safarini. Tunalisema kwa sababu linafanyika.

Kazi ya tatu ni kulishika. Kontena tupu linaonekana zito, lakini kwenye lori ni kama pipa: upepo unalipata, kona inalipata. Njia sahihi ni trela iliyotengenezwa kwa makontena, yenye loki 4 zinazoingia kwenye pembe za chini na kuzungushwa. Trela yenye sakafu ya chini ni bora zaidi kwa milima. Pasipokuwa na loki, minyororo yenye vikazio ipitishwe kwenye pembe za chuma za kontena, kila pembe na mnyororo wake, ivutwe kinyume upande huu na ule. Kamba ya katani au ya nailoni iliyopitishwa juu ya paa na kufungwa kwa fundo la nguvu za utingo si kitu cha kushikilia tani 2. Mnyororo usipitishwe kwenye tundu la dirisha, kwa kuwa bati litachanika. Baada ya kilomita chache za kwanza gari lisimame na kila mnyororo ukazwe upya, kwa sababu mzigo hujipanga ukiwa njiani.

Kimo kipimwe kutoka ardhini hadi paa siku ya kupakia. Kontena la kimo kirefu, lile la mita 2.9, juu ya lori la kawaida litakaribia mita 4.4, na nyaya za umeme zinazovuka njia za mitaani hazikufungwa kwa ajili yake. Hapo njia ya kutoka uani hadi barabara kuu ikaguliwe kwa miguu kabla ya siku ya safari.

Na siku yenyewe ichaguliwe. Miezi ya Juni hadi Agosti barabara ni kavu. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba huleta utelezi, ukungu na maporomoko. Safari iwe ya mchana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni asubuhi ya umuganda, na anayetaka kuondoka alfajiri siku hiyo amejipangia kusimama. Tena, anayevuka kwenda Tanzania au Uganda akumbuke kwamba Rwanda tunaendesha kulia na wenzetu huendesha kushoto. Lori lenye usukani upande usiolingana na barabara linahitaji utingo mwenye macho, anayekaa macho.

Kuna swali moja la kujiuliza kabla ya yote hayo: je, kontena hili linastahili safari? Ukijumlisha kreni mara 2, lori linalofaa, fundi wa kuchomelea na gari la pili la bidhaa, wakati mwingine ni nafuu kuliuza lilipo na kununua jingine unakokwenda. Hesabu hiyo ifanyike kwa karatasi na kalamu, na mapenzi ya duka la zamani yawekwe kando.

Karatasi nazo zina mteremko

Tuseme lori limefika Rusumo salama. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba walisafirisha kitu ambacho kisheria si chao.

Makontena mengi huingia nchini kwa muda, kama vyombo vya kubebea mizigo, bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba yatatoka tena. Likiuzwa ndani ya nchi, ushuru wake hudaiwa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Muuzaji wa mkono wa pili au wa tatu hakuambii hilo. Anakupa risiti ya daftari na kukushika mkono. Kwa hiyo, anayenunua kontena, leo hata kama hana nia ya kuhama, adai hati ya forodha inayoonyesha kwamba lilishalipiwa, na namba zilizoandikwa mlangoni zilingane na hati. Asizifute namba hizo kwa rangi.

Wapo wanaotegemea utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, unaoruhusu bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kupita kwa cheti chepesi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Utaratibu huo umewasaidia maelfu, hasa akina mama wa maharage, mahindi na samaki. Lakini ni kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Kontena lako, hata kama lina miaka 15 Kigali na jina la duka lako limeandikwa kwa Kinyarwanda na Kiswahili, karibu hakika lilitengenezwa China. Cheti hicho hakilihusu. Mtumie wakala wa forodha mwenye leseni, na kontena liandikwe peke yake, bidhaa peke yake.

Bima nayo isisahauliwe. Kadi ya njano ya COMESA, ambayo Rwanda, Uganda, Kenya, Burundi na Tanzania zinaitambua, hulipa madhara anayoyapata mtu mwingine gari linapovuka mpaka. Haifidii kontena lako likianguka bondeni. Hiyo ni bima ya mzigo, na hukatwa kando kabla ya safari. Muulize mwenye lori akuonyeshe zote mbili, na usome tarehe.

Mambo yanayowahusu wakubwa

Tumemwambia mfanyabiashara mengi. Sasa ni zamu ya wengine.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda kuanzisha biashara katika nchi nyingine mwanachama. Rwanda iliingia katika Jumuiya tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kikawa lugha rasmi hapa mwaka 2017. Haki iko na lugha iko. Lakini mtu mwenye haki ya kuhamisha biashara hana njia iliyonyooka ya kuhamisha duka. Tunaliomba Baraza la Mawaziri la Jumuiya litambue vifaa vya kazi vilivyotumika vya mfanyabiashara mdogo, yaani kontena, friji, mizani na cherehani, kama mali anayohama nayo. Anayethibitisha kwamba kifaa kililipiwa ushuru katika nchi moja mwanachama asianze safari upya katika nyingine. Huo ndio maana ya forodha ya pamoja.

Sheria ya Jumuiya ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote, na mizani zimejengwa kuilinda lami. Ni sawa. Lakini kontena tupu la tani 2 hupita kwenye mizani likicheka. Hatari yake haiko kwenye uzito. Iko kwenye namna lilivyofungwa na hali ya gari lililolibeba. Cheti cha ukaguzi kinachotolewa kituoni ni shahidi wa siku ile ya ukaguzi, na hakiwezi kuiona minyororo iliyofungwa asubuhi ya safari. Tunapendekeza askari wa mizani na wa barabarani wapewe orodha fupi ya kukagua ufungaji wa makontena, na wawe na mamlaka ya kulirudisha gari litakalofeli kabla halijafika mlimani.

Aidha, juu ya kila mteremko mrefu kwenye njia za Rusumo, Gatuna, Rubavu na Rusizi pawepo sehemu ya lazima ya malori kusimama, dereva aguse breki zake, akaze mzigo na kuingiza gia. Haihitaji jengo, ni kipande cha lami na kibao chenye kueleza urefu wa mteremko na gia inayofaa, kwa Kinyarwanda, Kiswahili na lugha nyingine za madereva wanaopita. Na chini ya mteremko huo pasiwe na soko. Wilaya zinapowapanga wauzaji wa barabarani, ziwape nafasi upande wa mlima ambao lori lililofeli breki haliwezi kufika. Londiani imekwisha kutufundisha gharama ya kutofanya hivyo.

Polisi ya Rwanda ina kampeni yake ya usalama, Gerayo Amahoro, jina linalomtakia msafiri afike kwa amani. Tunaomba kampeni hiyo iende pia kwenye yadi zinakouzwa makontena na malori ya kukodi, kwa sababu barabarani mara nyingi huwa imechelewa. Dereva aliyekwisha kupatana malipo ya safari 2 kwa siku hatashuka taratibu kwa sababu ya bango.

Mwisho, vyama vya ushirika vya wafanyabiashara wa mpakani. Mtu mmoja hawezi kumlazimisha mwenye lori alete trela yenye loki. Watu 12 wanaohama msimu mmoja wanaweza. Ushirika ukodi kreni moja na trela moja inayofaa, uandike mkataba wa siku badala ya safari, ili dereva asiadhibiwe kwa kusimama na kupooza breki. Mkataba utaje cheti cha ukaguzi, aina ya ufungaji, bima ya mzigo na marufuku ya gia huru, na malipo ya mwisho yatolewe kontena likishakaa kwenye mawe yake mapya. Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Kwenye milima yetu kila mzigo uliopandishwa utashushwa, na namna ya kuushusha iandikwe kwenye mkataba pamoja na bei.